Sifuri Nukta Themanini na Moja

Walimleta Mzee Kurahashi na kamba kiunoni. Askari aliyeshika ncha ya kamba alikuwa na umri wa mjukuu wake, na aliishika huku akitazama pembeni, kama mtu aliyetumwa kurudisha mbuzi wa jirani aliyekula mboga za watu.

"Pingu mtoe," alisema Inspekta Urabe Hisae. "Kamba iache."

Pingu zikatoka. Mzee akaketi, akaweka mikono mezani. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vinasuguana polepole, kama vinapima unene wa kitu kisichokuwepo.

Mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, ilikuwa bunduki. Bunduki ya mchezo, ya umeme, inayotema vigololi vya plastiki vya milimita sita. Mafundi wa maabara ya polisi ya Chiba walikuwa wameifumua hadi matumbo: gia tatu, beringi sita, pistoni, springi, mota, na washa, vile visahani vyenye tundu katikati, nyembamba kama ganda la kitunguu. Kila kipande kilikuwa na karatasi yake ya namba, na kazi ya kuifumua bunduki ilikuwa imemchukua fundi wa maabara saa moja kasoro dakika kumi.

Jumapili ya tarehe kumi na tano Juni, saa saba na nusu mchana, katika uwanja wa msituni kule Inzai, watu wanakochezea vita vya kuigiza, bunduki hii ilimpiga mwamuzi mkuu, Nezu Haruo, kutoka hatua nne. Nezu alikuwa amevaa miwani ya wavu wa chuma, kwa kuwa mvua za Juni huijaza miwani ya kioo ukungu. Kigololi kilipasukia kwenye wavu na vipande vikapita matunduni. Jicho la kushoto halikuokolewa. Maabara ilipoipima bunduki ilikuta nguvu ya jouli mbili nukta moja. Sheria inaishia sifuri nukta tisini na nane. Ukivuka hapo mchezo umekwisha, hiyo ni silaha, na aliyeitengeneza na anayeimiliki wote wana kesi.

Mwenye bunduki, Wakui Ryota, kijana wa ghalani, alikuwa na maneno mafupi. Asubuhi ilipimwa ikapita. Mchana fundi alikaa nayo saa nzima. Muulizeni fundi. Kitabu cha uwanja kilimuunga mkono: saa mbili na dakika ishirini asubuhi, bunduki ya Wakui, 0.81, sahihi ya Nezu. Tena ni kweli kwamba kila Jumapili ya tatu Mzee Kurahashi hutandika meza yake ya ukarabati chini ya turubai pale uwanjani, na kwamba siku ile bunduki ya Wakui ilikuwa mezani kwake tangu saa sita hadi saa saba.

Ilikuwa siku ya ishirini ya Mzee kizuizini. Zilibaki mbili, kisha mwendesha mashtaka apige muhuri wa kumshtaki.

"Onyesha kwa kidole, usiguse," alisema Urabe. "Sajenti Onuki atapiga picha. Kipi ni chako?"

Mzee akanyoosha kidole. "Gia. Chuma cha kuchongwa, si cha kumimina. Zangu." Kamera ikalia. "Beringi zangu. Mota yangu. Waya huu nimeuchomelea mimi mchana ule, ulikuwa umekatika kwenye kitako. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya. Matumbo sikuyafungua."

"Pistoni?"

Kidole kikasita hewani.

"Niliiuza mimi. Sikuiweka mimi."

"Eleza."

"Alikuja dukani mwezi wa nne, anauliza pistoni ipi inadumu. Nikamwambia chukua hii, meno yote chuma. Akalipa akaenda. Kuuza pistoni si kosa."

"Si kosa. Lakini mwendesha mashtaka anasema hivi: gia za chuma, beringi za chuma, sasa na meno ya chuma. Hakuna anayesimamisha nguzo za zege ili aanike leso. Aliyechagua mifupa mizito alikuwa na mzigo mzito kichwani."

"Huyo mwendesha mashtaka amewahi kushika bisibisi?"

"Jibu, Mzee."

"Wateja wangu ni madereva, watu wa ghala, wapika tambi. Wanapata Jumapili moja, mbili kwa mwezi. Gia rahisi zinasagika kwa mwaka, mtu anarudi dukani uso umemshuka. Mimi natia chuma kizuri, halafu springi laini. Bunduki haichoki kwa sababu haisumbuliwi. Hiyo ndiyo kudumu, mama. Nguvu ni kitu kingine. Vijana wanavichanganya, na mwendesha mashtaka naye kavichanganya."

"Na pistoni yako wewe, unayoweka kwa mkono wako?"

"Ya plastiki. Jino la mwisho tu ndilo la chuma."

"Yaani dhaifu."

"Dhaifu kwa makusudi. Bunduki yangu yoyote ina kitu kimoja kinachokufa kwanza. Mtu akitia springi kali, meno ya plastiki yananyolewa kabla ya jioni. Bunduki inamfia mkononi, anatukana, anarudi nyumbani. Hakuna aliyeumia. Miaka thelathini nafanya hivyo."

Urabe aliandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Na kijana alipokuja kuuliza, ukamuuzia kitu cha kuondoa kinga hiyo."

Vidole vya Mzee viliacha kusuguana.

"Aliuliza ipi inadumu," alisema. "Nilijibu swali."

Onuki alijifanya anarekebisha kamera. Kisha Mzee akainama juu ya kitambaa, kamba ikamkaza kiunoni, askari akaisogeza mbele.

"Washa hizi za gia ya kati," alisema Mzee. "Nene mno. Aliyeziweka alikisia. Mimi napima."

"Ungeweza kukosea makusudi," alisema Onuki, "ili useme si mkono wako."

"Sajenti, na wewe ungeweza kumwita mama yako kwa jina la jirani, makusudi. Ukifanya hivyo nitakuuliza ulikuwa unamficha nani."

Urabe alichukua kioo cha kukuzia, akaangalia meno ya pistoni. Yalikuwa yameng'aa upande mmoja kama ngazi ya hekalu iliyokanyagwa na vizazi.

"Meno haya yamepigwa mara ngapi?"

"Kwa springi ile? Elfu nane. Pengine elfu kumi."

"Na toka ulipomrudishia saa saba hadi ajali, Wakui alipiga ngapi?"

"Magazini mbili, tatu. Tuseme mia mbili."

"Kwa hiyo springi kali ilikuwemo kabla hujaishika. Kabla ya siku ile. Wiki nyingi." Urabe akamkazia macho. "Mzee, wewe uliliona hili siku ya kwanza tulipokuonyesha picha. Mbona umekaa kimya siku ishirini?"

Mzee Kurahashi alijikuna kidevu kisichonyolewa.

"Kitabu kina sahihi ya Nezu. Nikisema bunduki ilikuwa kali asubuhi, nimesema Nezu mwongo. Mtu amepoteza jicho, mama. Nimwongezee na hilo?"

* * *

"Mwendesha mashtaka atasema Mzee alitia pistoni iliyokwisha kutumika," alisema Onuki walipokuwa ofisini. Alimimina chai baridi ya shayiri kwenye vikombe viwili. "Meno peke yake hayatoshi."

"Hayatoshi. Lete kitabu."

Nakala za kitabu cha uwanja zilikuwa kurasa arobaini na tatu. Majina kushoto, namba kulia, sahihi ya Nezu chini ya kila ukurasa. Urabe alimfuata Wakui kwa rula. Machi, baridi bado imeng'ang'ania: 0.81. Aprili, mara tatu: 0.81. Mei, mara tatu: 0.81. Juni, mvua inanyesha na kila kitu kinanata: 0.81. Jumapili nane.

"Sasa nitafutie mtu mwingine anayekuja kila wiki."

Onuki akampata dereva mmoja wa lori. 0.74. 0.78. 0.71. 0.77. 0.73.

"Bunduki yake mbovu?"

"Mpigie fundi wa maabara, muulize."

Onuki alipiga. Alisikiliza, akaitikia mara tano, akakata simu.

"Anasema hakuna bunduki inayorudia namba. Baridi, joto, grisi, betri, chochote kinaisogeza. Anasema ukipima mara mbili palepale ukapata namba moja, shukuru. Ukiipata wiki nane, nenda ukanunue bahati nasibu."

Wakarudi kwenye kurasa. Sasa walijua wanachotafuta, na kazi ikawa nyepesi na chungu. 0.81 ilikuwa imejaa kitabu kizima kama kunguni kwenye godoro. Onuki aliorodhesha majina, akalinganisha na daftari la wateja walilolichukua dukani kwa Mzee. Watu thelathini na mmoja. Wote bunduki zao zilitoka kwa Kurahashi, zina kibandiko chake chekundu ubavuni, na kila moja iliuzwa na kadi ndogo aliyoiandika kwa mkono siku alipoikamilisha. Kadi zote zina namba ileile, 0.81, kwa kuwa Mzee hukaza na kulegeza mpaka aipate namba anayoitaka, hata ikimchukua siku nzima.

"Hakupima," alisema Onuki. "Alinakili kadi."

Urabe alikuwa ameshavaa koti.

* * *

Wakui Ryota aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amechana nywele.

"Hujawahi kupimwa hata Jumapili moja," alisema Urabe.

"Kitabu kinasema nimepimwa."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi nani nibishane na kitabu? Muulizeni aliyeandika." Akatabasamu. "Ila siku hizi msimpe herufi ndogo."

Onuki alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Kaa, Sajenti," alisema Urabe bila kugeuka. "Wakui, springi ile ilikuja kwa bahasha kutoka nje. Ulikuwa unatazama video, ukafungua bunduki nyumbani, ukakisia washa. Mara ya kwanza pistoni ya Mzee ikanyolewa. Ndipo ukaenda kumuuliza ipi inadumu."

"Hadithi nzuri."

"Mzee wa miaka sabini na moja analala sakafuni kwa ajili yako."

"Mwanasheria wangu kanifundisha hesabu ndogo, dada. Kumiliki ni kosa moja. Kutengeneza na kumiliki ni mawili. Mimi shuleni nilikuwa mzito, lakini moja na mbili nazijua."

Urabe akafunga faili. Mlangoni alisikia kijana akiuliza askari kama chakula cha mchana leo kina samaki.

* * *

Hospitalini walimkuta Nezu Haruo amekaa kitandani, mto mgongoni, bandeji imefunika upande wa kushoto wa uso. Kwenye kabati palikuwa na matunda mawili ya pichi yaliyofungwa kwa karatasi laini na kadi yenye majina ya waamuzi wenzake.

"Karibu, Inspekta. Kaa upande huu. Ule mwingine nitakuwa naongea na pazia."

Urabe akakaa upande wa kulia. Onuki alibaki mlangoni.

"Nisomee hapa," alisema Urabe, akamwekea ukurasa kwenye blanketi. Alikuwa amezipanga Jumapili nane zote pamoja.

Nezu aliusogeza karibu, akausogeza mbali.

"Wakui. Sifuri nukta themanini na moja."

"Inayofuata."

"Themanini na moja."

"Inayofuata."

"Naona unakotaka kwenda."

"Basi twende wote. Inayofuata."

Alizisoma zote nane. Ya mwisho aliisoma kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetaja namba ya nyumba yake.

"Mzee huwa anachagua springi nzuri," alisema.

"Pistoni imepigwa mara elfu nane na springi kali. Ilikuwa kali Aprili. Ilikuwa kali Mei. Umeipitisha kwa mkono wako."

"Mzee amesema hivyo?"

"Mzee hajasema neno juu yako. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia mtu amepoteza jicho."

Nezu alitazama mapichi. Alinyoosha mkono kama anayetaka kuyasogeza, akauacha ukae hapo.

"Unajua mchezo wetu unavyokwenda?" alisema. "Pale msituni ukipigwa hakuna anayekutoa. Unajitaja mwenyewe. Unainua mkono, unasema nimepigwa, unatoka. Mwamuzi hakufuati na kalamu. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kucheza na mtu asiyemjua. Mchezo wote umesimama juu ya hapo."

"Kipima mwendo wa vigololi hakisimami juu ya hapo. Kiko mezani."

"Asubuhi kuna foleni ya watu sitini. Mtu anaweka bunduki, ina kibandiko chekundu. Mzee mwenyewe yuko hatua kumi kutoka hapo, anapanga bisibisi zake. Kuipima mbele ya wote ni sawa na kumwambia, Mzee, sikuamini. Miaka ishirini ninakunywa chai kwake."

"Dereva wa lori ulimpima kila wiki."

"Yule mgeni."

"Ana miaka minne uwanjani, Bwana Nezu. Nimehesabu."

Muuguzi alichungulia, akamwona Onuki, akaondoka.

"Ulijua wamemkamata Mzee?" aliuliza Urabe.

"Mke wangu alinisomea gazeti."

"Ulijua kitabu chako ndicho kinachomfunga. Ilipimwa asubuhi, ikawa kali mchana, kati ya hapo aliyeishika ni fundi. Bila sahihi yako hakuna kesi dhidi yake."

"Nilijua."

"Siku ishirini."

"Usizihesabu mbele yangu, nimezihesabu." Kwa mara ya kwanza sauti ilipanda, kisha ikashuka. "Nikinyamaza, kuna mtu mwovu alinitoa jicho. Watu wanakuja na matunda, wananisikitikia. Nikisema, nimejitoa mwenyewe. Kila asubuhi mbele ya kioo nitamwona aliyefanya hivyo. Wewe ungeharakisha?"

"Sijui ningefanya nini. Najua nimekuja na karatasi."

Alitoa fomu za maelezo, akaziweka juu ya ubao magotini, akaanza kuandika kama kazi inavyotaka: mimi, Nezu Haruo, mwamuzi mkuu, kwa hiari yangu. Aliuliza, akajibiwa, akaandika. Tarehe. Saa. Idadi ya bunduki. Nani aliona, nani hakuona. Nezu alijibu yote bila kukwepa. Mtu akishaanguka toka darini haogopi tena ngazi. Nje mvua ilianza, ikaacha, ikaanza.

Ilichukua saa moja na nusu. Kisha Urabe akamsomea kwa sauti, neno kwa neno, maana mwenye maelezo ana haki ya kuyasikia na kuyarekebisha kabla hayajawa yake.

"'Bunduki zenye kibandiko cha Mzee Kurahashi sikuzipima. Niliandika kitabuni namba niliyoijua kutoka kwenye kadi zake. Nilifanya hivyo kwa kumheshimu Mzee.'"

"Hapo," alisema Nezu. "Futa."

"Lipi?"

"Kumheshimu. Mzee angefurahi kupimwa. Angeniletea yeye mwenyewe, angesimama akasubiri namba. Yule anapima mpaka washa. Andika niliona haya mbele za watu. Niliogopa nionekane mtu wa kutilia shaka. Ilikuwa heshima yangu mimi, siyo yake."

Urabe akapiga mstari juu ya sentensi, akaandika nyingine pembeni, akaisoma. Nezu akaitikia kwa kichwa.

"Mzee ataachiwa?"

"Karatasi hii ikifika kwa mwendesha mashtaka leo, keshokutwa yuko nyumbani."

"Na mimi?"

"Utaitwa. Na wale wengine thelathini, bunduki zao zitakusanywa kesho asubuhi, zipimwe zote. Hatujui nani mwingine alikwenda kuuliza kinachodumu."

Nezu aliitazama karatasi.

"Mzee ataonyeshwa maelezo haya?"

"Ni haki yake."

"Basi naomba umsomee wewe, Inspekta. Kwa sauti, kama ulivyonisomea mimi. Taratibu. Usimpe karatasi."

"Ana macho yake mawili, Bwana Nezu," alisema Urabe. "Atasoma mwenyewe."

Onuki aliinamisha uso. Urabe akafungua kibweta cha wino, akakiweka kwenye blanketi, akaweka karatasi mbele yake na kumwonyesha mahali, chini ya jina. Nezu akachovya kidole. Akakipeleka kwenye karatasi, kidole kikashuka mapema, kikagusa hewa. Akakisogeza mbele, kikapita mstari na kuacha doa jeusi kwenye shuka. Mwenye jicho moja hajui bado umbali wa vitu.

Urabe alisubiri. Hakumshika mkono.

Mara ya tatu aliupata.